Mtoto njiti na pumzi yake: Tarehe moja inayopaswa kuandikwa katika kila nyumba

Babati ni mji wa njia panda. Barabara ya Arusha, ya Dodoma na ya Singida zinakutana hapa, kando ya ziwa lenye viboko, na watu wa Magugu, Galapo, Bonga na Dareda huja mjini kwa ajili ya soko, shule na hospitali. Miongoni mwa safari zote zinazoishia hapa, ipo moja ambayo kila familia huomba isiifikwe nayo. Ni safari ya usiku, mama akiwa na ujauzito wa miezi saba au minane, chupa imepasuka kabla ya wakati, na swali la kwanza la mkunga mlangoni ni hili: mimba ina wiki ngapi?

Mara nyingi jibu huwa ni kutazamana. Mume humtazama mkewe, mke humtazama mama mkwe. Mmoja husema ni miezi saba, mwingine hushikilia kuwa ni minane kwa sababu anakumbuka kichefuchefu kilianza baada ya Idi. Tunaliona swali hilo kuwa ni la kujaza fomu tu. Sivyo. Juu ya jibu lake hutegemea kama mtoto atachomewa sindano ya mapafu kabla hajazaliwa, kama mama atapelekwa hospitali kubwa zaidi, na kama wauguzi watajiandaa kumpokea mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe. Katika makala haya tunataka kueleza, kwa lugha ya nyumbani, uhusiano uliopo baina ya umri wa mimba, ukuaji wa mtoto tumboni na mapafu yake.

Watoto watatu, mizani moja

Tuwafikirie watoto watatu waliozaliwa usiku mmoja. Wa kwanza ana kilo 1.9, na mimba yake ilikuwa ya wiki 33. Wa pili naye ana kilo 1.9, lakini mimba yake ilikwisha kufika wiki 38. Wa tatu ana kilo 1.2, na mimba yake ilikuwa ya wiki 33 kama ya yule wa kwanza. Jirani atakayekuja kutoa pongezi atawaita wote watatu kwa jina moja: njiti.

Kwa tabibu, hao ni watoto wa aina tatu tofauti. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto kuwa njiti akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, na humhesabu kuwa na uzito pungufu akiwa chini ya kilo 2.5. Mtoto wa kwanza ni njiti, lakini mwili wake unalingana na umri wake: amewahi kutoka, hakudumaa. Wa pili si njiti hata kidogo. Wakati wake ulitimia, ila alikaa tumboni bila kupata chakula na hewa ya kutosha, akadumaa. Wa tatu amepatwa na mambo yote mawili, amedumaa na amewahi kuzaliwa. Huyu ndiye anayehitaji uangalizi mkubwa kuliko wenzake.

Mizani haiwezi kututofautishia watoto hao. Inatuambia uzito tu, na kinachowatenganisha ni tarehe. Wala hili si jambo la watu wachache, kwani kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa njiti duniani katika mwaka 2020, yaani karibu mmoja katika kila watoto 10.

Mapafu hujengwa wiki kwa wiki

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa majimaji, na hewa yake safi huipata katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Hata hivyo hufanya mazoezi ya kupumua, kifua kikipanda na kushuka, kana kwamba anajiandaa kwa siku ya safari. Mapafu yenyewe hujengwa kama mti. Kwanza huota shina, kisha matawi, na mwisho vifuko vidogo sana vya hewa mithili ya majani, ambamo hewa na damu hukutana.

Vifuko hivyo huanza kutengenezwa takriban wiki ya 24 hadi 26, navyo huendelea kuongezeka hata baada ya kuzaliwa. Ndani yake mwili hupaka utando mwembamba wa mafuta uitwao safaktanti, unaofanya kazi kama sabuni katika maji: huzuia kuta za vifuko zisigandane kila mtoto anapotoa pumzi. Kwa watoto walio wengi utando huo huwa wa kutosha kuanzia wiki ya 34 au 35. Mtoto akizaliwa kabla ya hapo, kila pumzi humgharimu nguvu kama ile ya kupuliza puto jipya, na puto hilo husinyaa tena kila anapopumzika. Baada ya saa chache huchoka.

Elimu hii si ya zamani sana. Ilikuwa mwaka 1959 ndipo daktari Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead, huko Marekani, walipoonesha kuwa watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na utando huo. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Rais John Kennedy wa Marekani alimpoteza mwanawe Patrick kwa ugonjwa huohuo. Mtoto huyo alizaliwa na kilo zipatazo 2.1, wiki tano na nusu kabla ya wakati, akaishi siku mbili pungufu ya saa chache. Baba yake alikuwa na mamlaka makubwa kuliko watu wengi wa zama zake, na hayakumfaa kitu. Leo mtoto wa kadiri ile, akifikishwa panapostahili, kwa kawaida huishi.

Dhana ya kale iliyobatilika

Ipo kauli isikikayo vibarazani kwamba mtoto wa miezi saba huishi lakini wa miezi minane hufa. Ni kauli kongwe mno, kwani imo hata katika maandiko ya tiba ya Wayunani wa kale. Haina ukweli. Kila wiki anayoongeza mtoto tumboni, mapafu yake huzidi kukomaa. Yaelekea watu wa zamani walihesabu miezi kwa kubahatisha, na mtoto aliyedumaa akadhaniwa kuwa na umri usio wake.

Matabibu nao walikuwa na dhana yao. Katika miaka ya 1970 wengi waliamini kuwa mtoto aliyedumaa tumboni hupata faida moja: dhiki aliyoipitia huyakomaza mapafu yake mapema. Kwa hiyo njiti mwembamba alihesabiwa kuwa mwenye pumzi imara kuliko njiti mnene wa umri uleule. Dhana hiyo haikusimama ilipopimwa kwa watoto wengi. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watoto 19,759 waliozaliwa kati ya wiki ya 25 na ya 30, katika hospitali za mtandao wa Vermont Oxford. Waliodumaa walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao wa umri huohuo, na walipata shida ya kupumua zaidi, si pungufu.

Sababu yake inaeleweka. Kondo la nyuma linapokuwa dhaifu, mwili wa mtoto hugawa kidogo kilichopo kwa kuulinda ubongo na moyo kwanza, na viungo vingine hupata masalio. Mapafu huwa na vifuko vichache vyenye kuta nene, na mishipa yake ya damu hupungua. Ndiyo maana mtoto wa tatu katika mfano wetu yumo katika hatari zaidi ya kubaki na ugonjwa sugu wa mapafu, akihitaji hewa ya oksijeni kwa wiki nyingi.

Athari hizo haziishii utotoni. Nchini Uingereza, katika jimbo la Hertfordshire, mtafiti David Barker na wenzake walifuatilia wanaume waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, ambao uzito wao wa kuzaliwa ulikuwa umeandikwa na wakunga. Mwaka 1991 walieleza kuwa waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa na mapafu yenye nguvu ndogo hata walipofikia umri wa uzee. Daftari la mkunga wa kijijini lilitoa ushahidi baada ya miaka 60.

Sindano ileile, matokeo mawili

Mwaka 1972 matabibu Graham Liggins na Ross Howie wa Auckland, New Zealand, walitangaza kuwa mama anayeelekea kujifungua mapema akichomwa dawa ya jamii ya steroidi, mapafu ya mtoto hukomazwa kabla hajatoka. Liggins alianza kuliona jambo hilo kwa kondoo: wanakondoo waliozaliwa mapema kiasi cha kutotarajiwa kupumua, walipumua. Dawa itumikayo sana katika nchi zetu ni deksamethasoni. Ni ya bei nafuu, na kwa kawaida mama huchomwa sindano nne, moja kila baada ya saa 12.

Hapa tunaomba msomaji azingatie, kwani ndipo ulipo uzito wa makala haya.

Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililohusu uzazi upatao laki moja katika nchi sita, ikiwemo jirani yetu Kenya. Lengo lilikuwa kuieneza sindano hiyo hadi vituo vidogo na vijijini. Umri wa mimba nyingi haukujulikana kwa yakini. Matokeo yaliwashtua watu: vifo vya watoto wadogo havikupungua, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa 3.5 katika kila uzazi 1,000. Wamama wengi waliochomwa hawakuwa wakielekea kujifungua njiti.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya jaribio jingine la wamama 2,852 katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii umri wa kila mimba ulithibitishwa kwa kipimo cha picha ya tumbo, yaani altrasaundi, mimba zikiwa za wiki 26 hadi 33, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kuwatunza njiti. Sindano ilikuwa ileile. Kwa wamama waliochomwa dawa, vifo vya watoto vilikuwa asilimia 19.6. Kwa wale ambao hawakuipata vilikuwa asilimia 23.5. Maana yake ni kuwa kwa kila wamama wapatao 25 waliotibiwa, aliokolewa mtoto mmoja.

Dawa ilikuwa moja na Kenya ilikuwemo katika majaribio yote mawili. Kilichotofautiana zaidi ni mambo mawili: yakini ya umri wa mimba, na ubora wa mahali mtoto alipopokelewa. Kwa sababu hiyo, miongozo ya sasa inataka sindano hiyo itolewe pale tu umri wa mimba unapojulikana kuwa ni kati ya wiki 24 na 34, mama anatarajiwa kujifungua karibuni, hana maambukizi, na hospitali inaweza kumtunza mtoto. Familia isiyojua tarehe inamfunga daktari mikono.

Tarehe ambayo mwanamke wa Kiislamu anaijua

Ndugu zetu katika imani, sisi hatuna udhuru mkubwa katika jambo hili. Mwanamke wa Kiislamu hufundishwa tangu kubaleghe kuzijua siku zake. Anapaswa kujua lini hedhi imeanza na lini imekatika, kwa sababu ya sala, funga na eda. Elimu hii hufundishwa katika madrasa na darsa za akina mama, na fiqhi imeitengea milango mirefu. Hospitali huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku ileile ambayo mwanamke aliacha kusali. Tunaijua tarehe hiyo. Tatizo letu ni kuwa hatuiandiki, na miezi sita baadaye tumeisahau.

Iandikwe, basi, kwa Kiislamu na kwa kalenda ya serikali, katika daftari la nyumbani au katika simu, na mume aijue. Atakayehesabu kwa miezi mwandamo akumbuke kuwa mwezi mmoja ni siku 29 au 30, na mimba kamili ya siku 280 ni takriban miezi tisa na nusu ya Kiislamu, si tisa kamili.

Wanazuoni wetu walilipa uzito swali la umri wa mimba karne nyingi kabla ya kipimo cha picha. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, muda wa kubeba mimba hadi kuachisha ziwa umetajwa kuwa miezi 30, na katika Suratu Luqman, aya ya 14, kuachisha ziwa kumetajwa kuwa ni katika miaka miwili. Masahaba waliziweka pamoja aya hizo, wakatoa hukumu kuwa muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi sita. Riwaya zinaeleza kuwa kwa hoja hiyo aliokolewa mwanamke aliyetuhumiwa kwa kuwa alijifungua miezi sita baada ya ndoa. Kwa hesabu ya hospitali, inayoanza wiki mbili hivi kabla ya mimba kutunga, miezi sita hiyo ni kama wiki ya 27. Kwa hiyo sheria ilimtambua njiti kuwa ni mtoto kamili mwenye nasaba na haki zake. Akizaliwa akilia au akionesha dalili ya uhai, kisha akafariki, huoshwa, husaliwa, na huwa amerithi. Mtoto mwenye haki zote hizo hawezi kukosa haki ya kutafutiwa pumzi.

Pamoja na tarehe ya hedhi, mama awahi kliniki kabla ya wiki ya 12, na apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Wapo wanaosubiri mwezi wa nane ili wajue jinsia. Kwa kazi ya kujua umri, huko ni kuchelewa. Mwanzoni mwa mimba watoto wote hulingana kwa ukubwa, hivyo ukubwa hutoa umri kwa usahihi. Mwishoni wametofautiana, na kipimo humwona mtoto aliyedumaa kuwa ni mchanga kuliko alivyo. Dhiki yake hufichika, na kila mtu hurudi nyumbani akiwa na furaha kuwa bado wiki nyingi.

Mahudhurio yanayofuata yana kazi yake. Kuanzia wiki ya 24 mkunga hupima kwa futi ya kamba urefu wa tumbo kutoka kwenye kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi, na sentimita hizo hukaribiana na idadi ya wiki. Zikibaki nyuma, huenda mtoto hakui ipasavyo. Hapo tena, bila tarehe, futi haina cha kulinganishwa nacho.

Yanayomdumaza mtoto

Chanzo kikubwa ni kondo la nyuma kushindwa kazi, hasa mama anapokuwa na shinikizo la damu la mimba. Ugonjwa huu huanza kimya, ndipo huja kuumwa kichwa kikali, kuona ukungu na kuvimba uso. Kupimwa presha na mkojo kila hudhurio ndiyo ngao yake. Chanzo cha pili ni malaria, ambayo vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma hata pasipo homa. Vidonge vya SP vinavyotolewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya mwanzo inapopita, angalau mara tatu kwa kupishana mwezi, pamoja na chandarua chenye dawa, vimewekwa kwa ajili hiyo. Cha tatu ni upungufu wa damu na lishe duni. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito zaidi ya 8,000, na kutolewa mwaka 2007, ulionesha kuwa waliopewa vidonge vya vitamini mbalimbali walizaa watoto wenye uzito pungufu kwa asilimia 7.8, ilhali wenzao ilikuwa asilimia 9.4.

Hapa Babati hatukunyimwa. Mbaazi na maharage yamo mashambani, samaki wamo ziwani, maziwa yapo, mboga za majani zipo. Tusizipeleke zote sokoni na kumwachia mjamzito ugali na chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, basi iahirishwe saa moja au mbili. Udongo unaoliwa na wajawazito hauongezi damu. Na moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha humdhuru mama na mtoto aliye tumboni, kisha huyasubiri mapafu ya mtoto atakapozaliwa.

Na mwezi wa Ramadhani je? Tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuonesha waziwazi kuwa funga humzalisha mama mwenye afya njema njiti au mtoto mwepesi. Lakini mama aliyekwisha kuambiwa kuwa mtoto wake hakui, au mwenye presha au upungufu wa damu, si katika hao. Hadithi iliyopokewa kwa Anas bin Malik al-Ka'bi (R.A.) imetaja kuwa mjamzito na mnyonyeshaji wameondolewa ulazima wa kufunga kama msafiri. Katika madhehebu ya Imam Shafi, akila kwa kujihofia nafsi yake hulipa siku hizo tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, hulipa pamoja na kutoa fidia ya chakula. Ruhusa ni zawadi ya Mola, na kuikataa huku mtoto akidumaa si uchamungu. Amuulize daktari kuhusu hali yake, kisha amuulize sheikh kuhusu hukumu yake.

Usiku wa dharura

Maji yakivuja, damu ikitoka, tumbo likibana mara kwa mara au mtoto akipunguza kucheza kabla ya wiki 37, safari ianze saa hiyohiyo. Asisubiriwe shangazi wala mchana. Mfumo wa m-mama hupokea simu za dharura za uzazi kwa namba 115 bila malipo na kutafuta usafiri. Kadi ya kliniki na daftari la tarehe viwe mkononi. Ni bora kusafirisha mtoto akiwa bado tumboni kuliko kumsafirisha amekwisha kuzaliwa na kupoa njiani.

Mkoa wetu wa Manyara una la kusimulia katika huduma ya pumzi ya kwanza. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, imeshiriki kwa miaka mingi katika mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika moja ya kwanza. Mafunzo hayo yalipoanzishwa katika hospitali nane za Tanzania, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyoelezwa mwaka 2013. Baadaye mpango mpana zaidi ulifanyika katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionesha vifo vya siku ya kwanza kupungua kwa asilimia 40.

Kifua cha mama na desturi zetu

Njiti akishazaliwa, mahali bora pa kumweka ni kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali za nchi tano zilizojaribu kuanza huduma hiyo mara tu mtoto anapozaliwa, bila kungoja atulie. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8 walihusishwa, na matokeo ya mwaka 2021 yalionesha vifo vya asilimia 12.0 kwa waliobebwa mapema, dhidi ya 15.7 kwa wengine. Joto la mama humpunguzia mtoto kazi ya kupumua, na katika baridi yetu ya Juni na Julai hilo si jambo dogo. Mama akichoka, baba na bibi nao wana vifua.

Zipo desturi zetu njema zinazohitaji subira kwa mtoto huyu. Adhana sikioni haina madhara, isomwe kwa sauti ya chini. Kumwonjesha tende ni sunna, lakini njiti ambaye hajaweza kunyonya na kumeza hupaliwa, na kilicholengwa tumboni huingia mapafuni. Daktari aulizwe kwanza, na kwa sasa maziwa ya mama yanamtosha. Kunyoa nywele kusubiri mtoto asipoe. Chetezo cha udi na ubani kitolewe chumbani kabisa, kwani moshi wenye harufu nzuri ni moshi vilevile.

Akirudi nyumbani, apewe chanjo zake kwa kufuata siku aliyozaliwa, si siku aliyotarajiwa. Akionekana anaguna kila anapotoa pumzi, mbavu zinabonyea ndani, pua zinatanuka, midomo inageuka rangi, anasahau kupumua au anazidisha pumzi 60 kwa dakika, arejeshwe hospitali papo hapo.

Tumalizie pale tulipoanzia, kwa mkunga mlangoni na swali lake. Uhai na mauti vimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake, na hakuna daftari linalobadili alilolikadiria. Lakini tumeamrishwa kumfunga ngamia ndipo tutawakali. Katika nyumba yenye bibi harusi au mama anayetarajia, kalamu ichukuliwe leo, mume na mke wakae pamoja, na tarehe iandikwe. Walimu wa darsa za akina mama wa Babati, tunawaomba: mtakapofika mlango wa hedhi, ongezeni somo hili moja.

Wabillahi tawfiq.